Taa ya Uani Inafifia Saa Tatu

Nyumba ninayoisema iko Ngamiani, Tanga. Ni zile za kizamani zenye korido katikati na vyumba huku na huku, kisha uani mna bomba, jiko na choo cha wote. Wapangaji tulikuwa wengi, luku moja, na taa ya uani moja. Hiyo taa ndiyo iliyoniponza.

Ilikuwa Januari 2020 na mimi sikuwa na habari nyingine ila Betelgeuse. Kwa asiyeijua: usiku wa Januari toka nje, tazama karibu na utosi, utaona nyota tatu zimejipanga mstari mmoja. Huo ni mkanda wa Orioni, kundi la nyota lililokaa kama umbo la mtu. Kaskazini ya mkanda kuna mabega yake mawili. Lenye wekundu ndilo Betelgeuse, na hilo jingine jeupe linaitwa Bellatrix. Siku zote bega jekundu humshinda mwenzake mwanga karibu mara tatu. Sasa Desemba 2019, Edward Guinan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Villanova, Marekani, wakatangaza kwamba nyota hiyo imefifia kuliko walivyopata kuipima kwa miaka yote waliyoifuatilia. Mitandaoni ikawa ni moja tu: inataka kupasuka!

Na ikipasuka si mchezo. Hilo ni dude ambalo ukiliweka mahali pa jua letu, Dunia inamezwa, Mirihi inamezwa. Mlipuko wake tungeuona mchana kweupe, wiki kadhaa, na wala usingetudhuru, maana tuko mbali mno. Mwanga wake hutembea miaka mia tano, wengine wanasema mia saba, hadi kutufikia. Yaani huenda ilishapasuka kabla Vasco da Gama hajafika Malindi, ila habari bado iko njiani. Sasa habari kama hiyo ifike Tanga mimi nimelala? Thubutu.

Kuipima hakutaki darubini. Unailinganisha kwa macho na nyota za jirani ambazo mwanga wake unajulikana, unaandika daftarini, basi. Wapenzi wa nyota duniani kote hufanya hivyo. Sharti ni moja tu: macho yazoee giza kwanza, dakika ishirini hivi, bila taa yoyote kukupiga usoni. Na mkeka wangu palikuwa na sehemu moja tu ya kuutandika pale uani, chini ya globu.

Nilimwomba mama mwenye nyumba azime taa kidogo. Swichi iko chumbani kwake, juu ya kitanda.

“Uizime ili iweje?”

“Nitazame nyota, bi mkubwa.”

“Nyota zina haja gani ya mimi kuibiwa sufuria?”

Hapo ndipo soksi ilipoingia. Nilikuwa nayo moja ya kahawia, mwenzake aliishia kwenye kamba ya nguo. Nikaichomeka kwenye ncha ya fagio la buibui, nikaipandisha polepole, nikaivisha globu. Ilikuwa globu ya kusevu umeme, haina joto la kuunguza kitambaa. Mwanga ukapita kwenye nyuzi ukawa rangi ya chai ya mkandaa, uani pote pakawa wekundu-wekundu, ila pale kisigino kilipochakaa palichomoza doa moja kali likapiga ukutani. Nikalala chali. Orioni huyo, mzimamzima. Nikimaliza kuandika naivua soksi kwa fagio lilelile, naiweka mfukoni, naenda kulala kama mtu mwema.

Kumbe wenzangu wana maisha yao. Mzee wa chumba cha mwisho alitoka kwenda choo, akatumbukiza mguu kwenye beseni la nguo zilizorowekwa, akaanguka nalo hadi bombani. Alitoa maneno ambayo sikujua kama wazee wa swala tano wanayajua. Asubuhi mjadala ukaanza. Wa kwanza akasema globu imechoka, na globu ikichoka hufifia kwanza ndipo ife. Mama akanunua mpya. Saa tatu usiku ikafifia vilevile. Akaitwa fundi, naye alikuja mchana, na mchana hakuna soksi. Akapima, akabadilisha holda, akachukua hela yake na kusema, “Mama, huu umeme una mashaka,” akaondoka. Kijana wa bodaboda akasema hapa pana mkono wa mtu, pachimbwe mlangoni. Mimi nilikuwa naitikia kila hoja kwa kichwa.

Mwisho ikaja hoja iliyokubalika na wote: kuna mtu anatumia jiko la koili kwa siri. Katika nyumba ya luku moja hilo ni kosa kubwa kuliko kuiba mume wa mtu. Koili ikiwashwa, umeme unanywea, taa zinalegea. Ukafanyika msako wa chumba kwa chumba, na kwa dada msusi wa chumba cha tatu, chini ya kitanda, imeviringishwa kwenye kanga, ikakutwa koili kweli! Bado ina uvuguvugu.

“Nachemsha maji ya uji tu,” akalia.

Ikakamatwa, ikafungiwa kabatini kwa mama. Uungwana ulitaka nami nitulie hata siku mbili tatu. Lakini hiyo ndiyo ile Februari ambayo bega jekundu lilishuka hadi likawa sawasawa na Bellatrix. Ulikuwa ukiyatazama huwezi kusema lipi linamzidi mwenzake. Kitu hicho hakikuwahi kuonekana tangu watu waanze kuipima kwa vyombo. Nani angetulia? Soksi ikapanda.

Kesho yake kikao.

Mama alikaa kwenye kigoda, mgongo kwenye ukuta wa jiko. “Koili ninayo kabatini,” akasema, “na taa jana imefifia. Wewe mwanangu ndiye uliyesoma. Tueleze. Inafifia saa tatu, saa nne inarudi yenyewe.”

Ningesema sijui, ningelala salama. Lakini nikiombwa maelezo mimi sijiwezi.

“Bi mkubwa, kitu chenye mwanga hufifia kwa njia mbili. Ama chenyewe kimepoa, ama kuna kitu kimepita mbele yake kikauziba mwanga. Kuna nyota sasa hivi wanaigombania hivyohivyo. Wengine wanasema imepoa, wengine wanasema imetema hewa yake, ile hewa imepoa ikaganda ikawa vumbi, vumbi limesimama kati yetu na yenyewe.”

“Vumbi.”

“Vumbi, mama.”

Akasogea pembeni. Ukutani nyuma yake kulikuwa na safu ya alama za mkaa, mistari na maduara. Nilikuwa nikiziona siku zote nikidhani ni hesabu za maziwa.

“Mstari ni usiku iliofifia,” akasema. “Duara ni usiku haikufifia. Haya, maduara ni siku gani?”

Kimya. Hata kuku.

“Ni siku za mawingu. Najua kwa sababu ndizo siku nilizoanua nguo mapema. Sasa nataka unieleze, mwanangu, hili vumbi lako la taa kwa nini linaogopa mvua?”

Kisha akafungua ncha ya kanga yake, pale wanapofungia hela, akatoa nyuzi tatu za kahawia. Fundi alizikuta zimenasa kwenye holda. Akamgeukia mjukuu wake: “Nenda chumbani kwa kaka, lete soksi isiyo na mwenzake.”

Nililipa globu, holda, fundi na beseni. Mzee wa chumba cha mwisho alitaka pia faini ya kanzu. Na tangu siku hiyo, saa tatu mpaka saa nne, kazi yangu ikawa kusimama na tochi na kumsindikiza kila anayekwenda choo, tochi ambayo iliniua macho hata kishada cha nyota za Kilimia nisikione. Betelgeuse ikaanza kupanda bila mimi. Kufikia Aprili ilikuwa imerudi kung'aa kama kawaida, haijapasuka wala nini, na wataalamu wanasema bado ina kama miaka laki moja.

Juni 2021 jibu likatoka kwenye jarida la Nature. Miguel Montargès na wenzake walikuwa na picha zake kutoka darubini kubwa ya Paranal, Chile, nusu ya kusini imeingia giza. Walisema nyota ilikuwa imetoa povu kubwa la hewa, baadaye sehemu ya uso wake ikapoa, na baridi hiyo ikaifanya ile hewa igande kuwa vumbi. Mwaka 2022 Wajapani nao wakaongeza. Setilaiti yao ya hali ya hewa, Himawari-8, iliyowekwa kutazama mawingu ya Dunia, ilikuwa imeinasa Betelgeuse pembezoni mwa picha zake miaka yote hiyo. Wakapiga hesabu, wakakuta kupoa na vumbi vimechangia takriban sawa kwa sawa. Mtazama mawingu ndiye aliyekata kesi!

Nilimtumia yule dada msusi habari hiyo yote kwa sauti ndefu ya WhatsApp. Alishahamia Muheza, na mimi hakuwahi kunisamehe. Alisikiliza, akakaa, akajibu kwa mstari mmoja: “Kama ni sawa kwa sawa, mwambie bi mkubwa anirudishie nusu ya koili.”