Nimepiga Kengele kwa Pua

Kabla hamjaendelea kuisambaza ile video aliyonirekodi shemeji, nisikilizeni na mimi mwenye pua. Kwanza, sikuwa nimelewa. Pili, mama mkwe, sikuwa "natoroka kupitia darini". Naomba radhi.

Ilianza tulipompokea shemeji uwanja wa ndege hapa Manchester. Mimi na ujuaji wangu: "Unajua hapa Ringway ulipotua ndipo Waingereza walipofundishia askari wa miavuli, 1940? Churchill alitaka 5,000!" Angenyamaza tu, yangeisha. Akauliza, "Walirukaje?"

Nyie, ulimi wangu hauna breki. Nikamweleza: ndege ya mabomu, Whitley, unatokea kwenye tundu sakafuni. Unakaa ukingoni, miguu inaning'inia, unajisukuma. Ukizidisha, uso unagonga ukingo wa mbele. Ukipunguza, mfuko wa mwavuli unakwama nyuma, unakurusha, uso unagonga palepale. Wenyewe waliita kupiga kengele. Na mwavuli wa akiba hakuna.

"Sijaelewa," akasema.

Nikatazama juu. Tundu la dari.

Nikapanda, tukaondoa ngazi, tukatandika godoro. Begi mgongoni, ndani mito miwili. Nikakaa ukingoni, soksi zikining'inia juu ya kichwa cha shemeji na simu yake. Nikajiambia, usizidishe. Basi nikapunguza. Miguu ikapita. Makalio yakapita. Kisha nikasikia begi limeshika mbao kule nyuma, polepole, kama mtu anayekudai anavyokushika shati sokoni. Kichwa kikaanza kwenda mbele. Ukingo nikauona unakuja, jamani, hadi ile rangi iliyobanduka niliyoahidi kupaka tangu Ramadhani. Nikapata hata nafasi ya kuwaza, "Kumbe ndivyo..."

Ngo!

Na chini sikufika! Mikanda ya begi ilinasa. Nikabaki nimening'inia kama fenesi, damu puani, suruali inashuka yenyewe bila haraka. Shemeji, badala ya kunishika miguu, akasogeza simu karibu: "Hii ndiyo kengele?"

Mke wangu akaleta ngazi, mkasi, barafu na maneno. Pua haijavunjika, imenenepa tu.

Leo nilipanga kumpeleka Tatton Park, walikokuwa wakitua wale askari. Anasema hana haja, ameshaelewa.