Iafoni za bei rahisi: sauti naivumilia, waya siuvumilii

Kila iafoni yangu inapokufa upande mmoja, hakosi mtu wa kuniambia, "Si nilikwambia? Rahisi ni ghali. Nunua kitu cha maana." Wiki hii nimeambiwa tena, na mtu ninayemheshimu, na safari hii nimeshindwa kunyamaza. Rahisi ni ghali, haya. Lakini nani kaamua iwe hivyo?

Nianze na sauti, maana huko ndiko wote wanakokimbilia. Mimi iafoni za bei ya chini ndizo ninazoishi nazo: taarifa ya habari, mawaidha, mihadhara, muziki nikiwa natembea au nafua. Ubaya wake naujua. Besi imevimba au haipo kabisa, sauti za juu zinakwaruza, kila S inapiga mluzi. Lakini maneno nayasikia yote. Simu za mezani kwa miaka mingi zilipitisha masafa ya hezi 300 hadi 3400 tu (hezi ni kipimo cha unene na wembamba wa sauti), na watu walichumbiana humo, wakapeana habari za misiba na za uzazi, wakatambuana kwa neno la kwanza. Iafoni duni kabisa inapitisha zaidi ya hapo. Na kwa wanaoamini kwamba bei ndiyo sauti, mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha vipimo vya hedifoni 283 za bei za kila namna, na hakuona uhusiano kati ya bei na jinsi zinavyogawa sauti nene na sauti nyembamba. Ukilipa zaidi unaweza kupata vitu vingine vingi vizuri, sikatai.

Kwa hiyo sauti tuiache. Kinachonikera ni waya.

Chukua iafoni iliyokufa uichunguze. Mara nyingi spika zake ni nzima, sumaku nzima, kila kitu kizima. Kilichokufa ni kipande kisichozidi upana wa kidole, pale waya unapoingia kwenye pini inayochomekwa kwenye simu. Ndani ya waya mna nyuzi za shaba nyembamba mno, zimepakwa vanishi ya rangi ili zisigusane. Pini ni ngumu, waya ni laini, na mkunjo wote unaangukia pale vinapokutana. Mfukoni unakunjwa pale pale, kwenye begi pale pale, kitandani pale pale. Shaba inachoka. Uzi mmoja unakatika, wa pili unafuata, na siku moja sikio la kushoto linazima.

Dalili zake nani hazijui? Unaizungusha pini kwa vidole viwili, unaukunja waya mpaka upate pembe inayokubali, kisha unakaa bila kutikisika. Kuna wakati mwimbaji anatoweka kabisa na zinabaki ala tupu, za mbali, kama zimetoka chumba kingine. Hapo uliokatika ni waya wa kurudisha umeme, ule unaotumiwa na masikio yote mawili. Ukiondoka, spika mbili zinajikuta zimeungana moja nyuma ya nyingine, na kinachosikika ni tofauti tu kati ya kushoto na kulia. Sauti ya mwimbaji kwa kawaida hurekodiwa sawasawa pande zote mbili, kwa hiyo inajifuta. Nilipoelewa jambo hili nilifurahi kweli, kisha hasira ikarudi maradufu, kwa sababu maana yake ni kwamba kila kitu kingine ndani ya iafoni ile bado kinafanya kazi.

Na dawa inajulikana. Tazama pasi ya umeme: pale waya unapotokea pana mpira mrefu, laini, wenye mifereji, ili mkunjo usambae usikae sehemu moja. Iafoni nyingi za bei rahisi zina kishingo kigumu kinachojifanya ni mpira wa namna hiyo, kisichopinda hata kidogo, hivyo kazi yake yote ni kusogeza mahali pa kukatikia mbele kidogo. Mpira laini zaidi, pini iliyopinda kama herufi L, waya mnene kiasi: hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji maabara. Waya wa kuchomoa kule juu kwenye spika ungekuwa bora zaidi, ingawa hapo nakubali gharama ingeonekana.

Watu wanasema, peleka kwa fundi. Nimepeleka. Pini imefinyangwa pamoja na waya, haifunguki, kwa hiyo inakatwa na kutupwa, inatafutwa nyingine, vanishi ya kila uzi inachomwa au kukwanguliwa, ndipo risasi ishike. Fundi mmoja aliniambia waziwazi, "Ndugu yangu, kazi hii ikizidi bei ya mpya nitakuwa nakudhulumu." Fundi mwaminifu, na jibu lake ndilo linaloniumiza. Kitu kizima kinatupwa kwa sababu ya uzi wa shaba.

Anayeambiwa "nunua kitu cha maana" mara nyingi amenunua anachokimudu. Ni mlinzi anayekesha na redio. Ni mwanafunzi anayefuatilia masomo kwenye simu katika chumba chenye watu wanaolala. Ni asiyeona, ambaye simu yake inamsomea kila kilichopo kwenye kioo: ujumbe wa mkewe, salio lake, majibu yake ya hospitali. Kwake iafoni ndiyo mlango wa faragha. Waya ukikatika, ama asisome, ama kila aliyeketi karibu asikie mambo yake. Mtu huyo anastahili waya usiokatika kabla ya mwenye kusaka besi nzito kustahili besi yake. Hili nalisema kwa uzito wote nilio nao.

Kuna jambo moja ambalo wapinzani wangu wameniweza. Iafoni za plastiki ngumu, zinazoning'inia tu mlangoni mwa sikio, hazizuii kelele. Gari likinguruma unapandisha sauti, na ukishapandisha hushushi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80, kipimo cha ukubwa wa sauti, kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda huo unakatwa nusu. Ukifika 90 umebakiwa na saa 4 kwa wiki nzima. Hedifoni za kuzima kelele zinasaidia sana hapo, na ni za bei. Lakini hata vimpira vya silikoni vya bei ya chini, vikiwa vya saizi ya sikio lako, vinaziba kelele nyingi, na besi uliyodhani haipo inarudi. Kama pakiti ina saizi tatu, zijaribu zote, kila sikio peke yake. Masikio ya mtu mmoja si lazima yalingane.

Zisizo na waya? Wananiambia ndiyo suluhisho. Ndani mna betri ndogo sana iliyogandishwa kwa gundi, inachakaa, na ikichakaa unatupa spika nzima vilevile, pamoja na betri. Umoja wa Ulaya umepitisha kanuni mwaka 2023 inayotaka, kuanzia tarehe 18 Februari 2027, betri za vifaa vingi vya mkononi ziweze kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe. Ni hatua njema. Waya wa shaba nao unastahili kifungu chake.