Huyu bwana George hajui wanawake

Kabla hamjacheka naomba nijitetee. Sisi tuliolelewa na Kiswahili, mtu ni mtu tu. Kaja, kaondoka, kalala, kaniudhi, humo ndani anaweza kuwa babu, shangazi au mtoto wa jirani na hamna anayeuliza. Labda mfike kwenye kuoa na kuolewa, hapo ndo lugha inakubana useme ukweli. Sasa mchukue mtu wa hivyo umpeleke chuo akasomee Kiingereza, lugha na fasihi, afu umwambie kila akitaka kumtaja mtu mara ya pili achague kwanza, hi (he, wa kiume) au shi (she, wa kike). Yaani kichwa changu hicho chumba hakikujengwa.

Mwaka wa kwanza semina ya kwanza tukaambiwa tujitambulishe na tuseme nani alitufanya tupende vitabu. Nikasimama kwa kujiamini nikasema baba yangu, shi anasoma sana magazeti, ila mama yangu, hi ndo alininunulia kitabu cha kwanza. Darasa zima kimya, wanajaribu kuichora hiyo familia kichwani. Tangu siku hiyo nikinyoosha mkono watu wanakaa vizuri kwenye viti kama inapigwa penalti.

Basi mwaka wa pili tukapata kozi ya riwaya za karne ya 19 na kila mtu akapewa kitabu cha kuprezenti, dakika 20, maswali juu. Mi nikaangukiwa na Middlemarch ya George Eliot. Kama hukijui hicho kitabu, kina sura 86, na hapo hujahesabu ya kufungulia na ya kufungia, kopi niliyopewa maktaba ilikuwa inapita kurasa 800 na ukiilalia inafaa kuwa mto. Sitawadanganya, nilisoma kwa macho yangu mpaka sura ya 40 hivi, kwingine nikamalizia na desa, notsi za watu waliotutangulia, ambazo na zenyewe zilikuwa zimedeswa kwa wengine. Kwenye desa mwandishi ameitwa Eliot mwanzo mwisho. Eliot anasema, Eliot anaonyesha. Hamna hi wala shi. Aliyeandika zile notsi nahisi alikuwa Mswahili mwenzangu, alishajua kukwepa.

Ule utangulizi wa mbele sikuusoma. Ulikuwa na kurasa za namba za Kirumi na mi nina imani yangu kwamba ukurasa ukinyimwa namba ya kawaida hata mchapishaji mwenyewe anajua sio lazima.

Nikajipanga sasa. Kwanza hoja. Wiki hiyo lekcha zote zilikuwa za wanawake kwenye fasihi, nikasema hapohapo ndo pa kupatia maksi. Kwenye kitabu kuna binti anaitwa Dorothea, hajafika hata miaka 20, mzuri, ana akili, ana moyo wa kusaidia watu, anakwenda kuolewa na mzee Casaubon aliyevuka 45, msomi mkavu kama chaki, maisha yake yote anaandaa kitabu kimoja cha kuelezea hadithi za kale za dunia nzima na hakimalizi. Afu mzee akifa anaacha wosia kwamba mke akiolewa na kijana fulani, Ladislaw, mali zote anakosa. Mi nikasoma hapo nikawaka. Nikaandika hoja yangu kwa herufi kubwa: huyu bwana George hajui wanawake. Ni mwanaume tu ndo anaweza kukaa mezani akatunga wosia wa roho mbaya vile, na ni mwanaume tu ndo anaweza kumwozesha binti mwenye akili kwa mzee wa makaratasi akadhani atakuwa na furaha. (Kwamba kitabu chenyewe kinasema hakuwa na furaha, na kinamcheka Casaubon kurasa mia kadhaa, hilo sikutaka linivurugie mtiririko.)

Pili, hi na shi. Nikasema safari hii sichekwi. Nikamuomba jamaa yangu wa rumu anisimamie, nikikosea apige meza. Siku ya kwanza meza ilipigwa mpaka wa chumba cha chini wakaja kuuliza kuna nini. Siku ya tano alipiga mara mbili tu. Kanuni yangu ilikuwa nyepesi: Dorothea shi, Casaubon hi, George hi. George hi, George hi, nilikuwa naimba naenda kuoga.

Siku ikafika. Dokta wetu wa hiyo kozi alikuwa mama mmoja mtaratibu, haongei kwa sauti, hakatizi mtu, anakaa nyuma na daftari lake. Ukikosea ataandika. Ukipatia ataandika. Hujui.

Nikawasha projekta. Slaidi ya kwanza nimeweka picha ya jalada la kitabu, mwanamke wa zamani, uso mrefu, nywele zimegawanywa katikati. Nikasema, angalieni, hata wachapishaji wameona aibu, wameamua kumweka Dorothea mwenyewe juu ya jalada kufidia dhambi za mwandishi. Dokta akaandika. Nikaenda kwenye maisha ya mwandishi, nikasema tusisahau hi anatoka kwenye ukoo wenye kipaji, maana mjukuu wake T. S. Eliot naye akaja kuwa mshairi mkubwa. Hiyo nilijitungia mwenyewe usiku, sikuitoa hata kwenye desa, niliona tu majina yanaendana na nikaona ni utafiti. Dokta akaandika kwa muda mrefu kidogo.

Afu nikafunguka jamani. Hi hivi, hi vile. Hi hajawahi kukaa jikoni. Hi anawaangalia wanawake kwa dirishani. Hi angekuwa na dada angemuuliza. Nilikuwa sikosei hata moja, jamaa yangu wa rumu amekaa nyuma ananinyooshea dole gumba, nikimuona ndo nazidi kuchochea. Watu wawili watatu wa mbele wameinamisha vichwa, mabega yanatikisika, mi nikajua hoja imewagusa, wanalia.

Nikamaliza. Makofi yakaja ya namna fulani, mengi kuliko kawaida. Dokta akafunga daftari.

"Ahsante sana kijana. Umesema mwandishi hawezi kujua mwanamke anajisikiaje. Una uhakika?"

"Mia kwa mia Dokta."

"Kwa sababu hajawahi kuwa mwanamke."

"Hajawahi Dokta, na asingeweza hata angejitahidi vipi."

Hapo kuna mtu alitoka nje. Hakuaga, alitoka tu ameziba mdomo, na mlango ulipofungwa tukasikia sauti koridoni kama mbuzi kakabwa.

Dokta bado mpole. Akaniambia kigeuze kitabu, soma mstari wa kwanza wa nyuma, kwa sauti tafadhali. Nikageuza. Nikasoma kwamba George Eliot ni jina la kalamu la Mary Ann Evans, aliyezaliwa mwaka 1819... nikaishia hapo kwenye namba, ulimi ukawa mzito. Mary. Ann. Nilikuwa nimekibeba kitabu hicho wiki tatu kwapani, ubavu huohuo wenye hayo maandishi ndo ulikuwa umegusana na mbavu zangu. Na yule mwanamke wa kwenye slaidi, aliyekuwa bado amewaka ukutani nyuma yangu futi sita kwa nane, sio Dorothea. Ni mwenyewe. Dakika 20 nzima nimemsema mtu kasimama nyuma yangu.

Kuna kitu kinaitwa kutapatapa. Nikasema, "Dokta, nilikuwa najaribu kuonyesha jinsi lile jina lilivyofanikiwa kuwadanganya wasomaji."

"Limefanikiwa," akasema. "Mwandishi mwenzake Charles Dickens alisoma kitabu cha kwanza cha hadithi cha huyu Eliot na mwaka 1858 akamwandikia barua kwamba anahisi huyu ni mwanamke. Na yeye hakuwa na picha."

Nadhani aliniona nimekauka maana akaanza kama kunifariji, akatusimulia kwamba enzi hizo kulikuwa na mzee mmoja anaitwa Liggins, riwaya ya Eliot ya Adam Bede ilipotoka mwaka 1859 na watu wakawa wanaulizana nani kaandika, uvumi ukamwangukia yeye, naye akaacha watu waamini hivyo mpaka mama wa watu ikabidi ajitokeze aseme ni mimi. Dokta aliisimulia kwa nia njema kabisa, kutuonyesha watu waliokosea wapo tangu zamani. Alichokifanya ni kunipa jina. Kufika jioni koridoni naitwa Liggins. Mpaka leo nikipigiwa simu na watu wa darasa letu ni Liggins, kuna wengine nahisi jina langu la cheti hawalijui.

Maksi zilirudi baada ya wiki. Kulikuwa na maoni marefu kidogo kuhusu T. S. Eliot, kwamba huyo amezaliwa Marekani mwaka 1888, miaka 8 baada ya huyu mama kufariki, na Eliot lake ni la ukoo kweli wakati la huyu mama ni la kujichagulia, kwa hiyo huo ujukuu ungepita njia ngumu. Na chini kabisa kwa wino mwekundu: "Viwakilishi havikugongana hata mara moja, hongera. Vyote vimekosea."

Nikampigia mama simu nikitafuta huruma. Nikamueleza yote. Akanisikiliza akasema, "Sasa mwanangu si ungeuliza tu kaoa au kaolewa? Ungejua palepale."

Nikamwambia mama, hata hiyo isingenisaidia, maana alikaa na bwana mmoja Lewes miaka zaidi ya 20 bila ndoa, Lewes alikuwa na mke wake na hawakuachana kisheria, na hilo jina la George kalitoa kwa huyohuyo Lewes. Ndoa kaja kufunga 1880, Lewes kashakufa, na kijana mdogo kwake kwa miaka 20, na mwaka haukuisha akafariki.

Simu ikawa kimya.

"Ndo mnafundishwa hayo huko?"

Nikasema mama salio linaisha.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mi nikaweka nadhiri kwamba kuanzia sasa nachunguza. Muhula uliofuata tukapewa insha, mimi nikachagua Evelyn Waugh kwa sababu vitabu vyake vifupi kidogo na vinachekesha. Evelyn. Hapo hata bibi yangu angesema shi, lakini nikasema hapana, tushaumwa na nyoka, ngoja tuhakikishe. Nikaingia intaneti nikatafuta Evelyn, ndoa, mwaka 1928, nikakuta huyo hapo, Evelyn binti wa baron, ameolewa, kaachika, kaolewa tena. Ameolewa! Kipimo cha mama kimejibu. Nikafunga kompyuta kwa ushindi nikaandika kurasa 6 za shi, nikasifia jicho la kike kwenye kuwachambua wanaume wa tabaka la juu Uingereza, nikasema huyu dada anawajua wanaume kuliko George anavyowajua wanawake. Hiyo sentensi niliipenda sana, niliisoma kwa sauti mara mbili.

Insha ikarudi. Kwenye aya ya maisha ya mwandishi Dokta alichora duara moja kubwa na pembeni akaandika maneno matatu: "Huyo ni mkewe."

Yaani Waugh ni mwanaume, na mwaka 1928 akaenda kuoa mwanamke anaitwa Evelyn, Evelyn kaoa Evelyn, na marafiki zao kuwatofautisha wakawa wanawaita Hi-Evelyn na Shi-Evelyn. Wenye lugha yao wenyewe! Ilibidi waweke alama kama mabomba ya maji ya moto na baridi! Nilikaa kitandani na ile karatasi nikacheka peke yangu mpaka jamaa wa rumu akapiga meza kwa mazoea.

Safari hii nilikwenda kusoma kweli, kwa hasira, na nikapata dawa. Mwaka huohuo 1928 Waugh alitoa kitabu kuhusu Rossetti, mchoraji na mshairi wa zamani, na mhakiki wa gazeti la Times la London, lile toleo lake la fasihi, akamwita Bi Waugh toka mwanzo mpaka mwisho wa uhakiki, mpaka jamaa akaandika barua ya malalamiko. Mhakiki analipwa! Nikaiprinti nikaenda ofisini kwa Dokta, nikagonga, nikaweka mezani bila kusema neno kama wakili.

Akasoma. Akavua miwani. "Huyu naye alipaswa kugeuza kitabu," akasema, ila maksi 2 aliniongezea, na aliziandika kwa wino wa bluu.

Mwaka wa tatu ratiba ikatoka, wiki ya kwanza George Orwell. Kuona tu George mikono ikaanza kutoka jasho. Nikaenda maktaba, nikasoma utangulizi wote, namba za Kirumi zote, nikakuta eti hata huyu George sio George, jina lake ni Eric Arthur Blair. Nikafuta kila nilichokuwa nimeandika. Nikabeba kitabu mpaka ofisini kwa Dokta, nikasimama mlangoni.

Hakuinua hata kichwa kwenye makaratasi yake.

"Huyo ni hi, Liggins. Kalale."