Nesi wa akili hapatikani kwa semina

Mjadala wa manesi wa afya ya akili umerudi tena, na safari hii umekuja na hoja tamu masikioni: tuache kusomesha manesi wa akili kama kundi la pembeni, badala yake kila nesi anayetoka chuoni awe na ujuzi kidogo wa akili, amtambue mwenye sonona, amwanzishie dawa mgonjwa wa kifafa, ampe rufaa aliyechanganyikiwa, yaishe. Wanaosema hivi wengi ni watu wa kazi, wamekaa zahanati, hawabahatishi. Ila upande wa pili, ule wa nesi aliyebobea, naona unaeleweka vibaya sana, unaonekana kama anasa, au kama kikundi cha watu wanaolinda vyeo vyao, na mimi hapo siwezi kunyamaza.

Nianze na hao wa "kila nesi ajue". Mgonjwa wa akili hafikii Mirembe, hospitali ya taifa ya akili kule Dodoma, moja kwa moja. Anaanzia kwa mganga wa kienyeji, kwa shehe au kwa mchungaji, na siku akiletwa kwenye huduma za serikali anafikia zahanati ya kijiji ambako kuna nesi mmoja anayezalisha, anayechanja, anayegawa dawa, vyote yeye. Huyo nesi kama hajui kitu mgonjwa anarudishwa nyumbani na kamba zake mikononi. Toka Kigoma au Mtwara mpaka Dodoma ni safari ya kuuza mbuzi, ndugu wawili watatu wanamshikilia mtu ndani ya basi usiku kucha, na wakishafika wanaambiwa warudi kliniki mwezi ujao. Halafu hili sisi Tanzania tulilijaribu mapema kuliko nchi nyingi, miaka ya 1980 Morogoro na Kilimanjaro zilikuwa mikoa ya majaribio ya programu ya taifa ya afya ya akili, kwa msaada wa Denmark na Shirika la Afya Duniani, WHO, wahudumu wa kawaida wakafundishwa kuhudumia kifafa na magonjwa ya akili hukohuko vijijini. Mwaka 2008 WHO ikaja na mhGAP, mpango wa kumjengea uwezo mhudumu asiyebobea, wazo ni lilelile.

Kuna na la mwili, ambalo watu wa upande wangu huwa tunalipita haraka. Kijana analetwa anaropoka, anapigana na ukuta, kila mtu anasema kichaa, kumbe ni malaria imepanda kichwani au sukari imeshuka. Nesi asiyejua mwili vizuri anamchoma sindano ya kutuliza na mgonjwa anakufa ametulia. Na WHO inasema watu wenye magonjwa makubwa ya akili wanakufa miaka 10 mpaka 20 mapema kuliko wengine, na wengi wao wanauawa na magonjwa ya mwili, moyo, kifua, sukari. Kwa hiyo anayesema nesi wa akili lazima kwanza awe nesi kamili wa mwili, mimi sina ubishi naye.

Sasa twende kwenye namba moja ambayo hainitoki kichwani. Ripoti ya WHO ya mwaka 2020 kuhusu afya ya akili duniani ilionyesha kanda ya Afrika ilikuwa na wafanyakazi wa afya ya akili 1.6 kwa kila watu 100,000. Wastani wa dunia ulikuwa 13, Ulaya karibu 45. Ukiisoma hivyohivyo inapita tu kama namba nyingine, ila hebu iweke kwenye wilaya. Chukua wilaya ya watu 300,000, ya kawaida kabisa. Kwa kiwango hicho cha Afrika inapata watu watano, na hawatimii. Na hao si manesi watano, ni wote kwa pamoja, daktari wa akili, mwanasaikolojia, ustawi wa jamii, nesi, wote humo. Ulaya wilaya hiyohiyo ingekuwa na zaidi ya 130. Sasa endesha wodi kwa hao watano. Kuna shifti ya asubuhi, ya jioni na ya usiku, kuna siku za kupumzika, kuna likizo, kuna anayeumwa, ukitaka nesi mmoja tu awepo saa 24 wiki nzima unahitaji watu wanne au watano. Maana yake kikosi kizima cha akili cha wilaya kinaishia kujaza kiti kimoja cha wodi moja, na hapo hujaweka kliniki ya wagonjwa wa nje, hujatembelea zahanati hata moja, hujaenda gerezani, hujaingia shuleni. Na wastani wenyewe unadanganya kwa sababu hao watu hawajagawanywa sawa, wamejaa miji mikubwa, kwa hiyo ziko wilaya ambazo hata hao watano ni ndoto.

Hiyo namba kila mtu anaivuta kwake. Wenzetu wanasema si mnaona, wataalamu hawatatosha leo wala kesho, tuwafundishe waliopo. Mimi nasema tuseme basi ukweli wote, ripoti hiyohiyo inaonyesha kwamba duniani kundi kubwa kuliko yote kwenye kazi hii ni manesi, asilimia 44. Sehemu zenye huduma zimejengwa na manesi waliofundishwa kwa ajili hiyo, na daktari wa akili hata huko kwa matajiri ni mtu wa kuonana naye mara mojamoja. Kwa hiyo anayetaka kupandisha 1.6 ataipandishia kwa manesi, hakuna kundi lingine linaloweza kuzalishwa kwa wingi na kwa bei hiyo. Yule aliyehudhuria semina ya siku chache ataendelea kuhesabiwa kuwa nesi wa zahanati, kwa sababu ndicho alicho.

Halafu watu wanauliza, hivi huyo aliyebobea anajua nini hasa ambacho mwenzake hajui? Hapa mfano mmoja unatosha. Kijana amechomwa haloperidoli, dawa ya kutuliza, jana jioni kwa sababu alikuwa anavunja vitu. Leo asubuhi shingo imepinda upande mmoja, macho yamegeukia juu, taya limekaza, ulimi unatoka, akili yake iko timamu na anaogopa kuliko jana. Mama yake anasema jini limepanda. Nesi wa kawaida anafikiri pepopunda au degedege, mwingine anasema anajifanya. Aliyesomea akili anaona distonia, misuli kukaza yenyewe, toka mlangoni, anajua ni dawa imefanya hivyo, anatafuta Artane au sindano ya promethazini, na muda si mrefu shingo inalegea. Lakini kazi yake haijaisha, anakaa na yule mama anamweleza kilichotokea kwa lugha ya nyumbani, anaomba dozi iangaliwe upya, maana asipofanya hivyo ile familia haitakanyaga hospitali tena na kijijini itasambaa kwamba sindano ya Wazungu inapindisha watu shingo. Dakika kumi za mazungumzo ndizo zinaamua kama huyu kijana atatumia dawa mwaka mzima au atafungwa mnyororo nyuma ya nyumba.

Hayo mazungumzo hayamo kwenye semina. Kumtuliza mtu aliyeshika jembe bila kumvamia, kujua usimame wapi na mlango uwe upande gani, kumuuliza msichana waziwazi kama anafikiria kujiua bila kuogopa kwamba umempa wazo, kusikiliza sauti anazosikia mtu bila kubishana naye wala kumuunga mkono, hivi vitu vinafundishwa na aliyevifanya miaka, mbele ya mgonjwa, unakosea anakurekebisha, kesho unarudia. Ndiyo maana wenye uzoefu wa wodi za akili huwa wanatumia kamba kidogo na sindano kidogo.

Angalia mwanafunzi wa diploma anavyopita sasa. Miaka mitatu ya chuo, akili ni sehemu ndogo ya mtaala, fildi ya wodi ya akili ni wiki chache, nyingine zinaliwa na mitihani na safari. Anafika anaogopa, maana nyumbani ameambiwa tangu mtoto kwamba watu wa Mirembe wanapiga. Wengi wanajibana kwenye meza ya manesi wananakili majina ya dawa, wanasainiwa logibuku, lile daftari la kazi za fildi, wanaondoka, na wanachobeba ni ile hofu waliyokuja nayo. Wakishaajiriwa ndio hao wa "kila nesi ajue". Siwalaumu, hawakupewa muda wala mtu wa kuwashika mkono, na hapo ndipo hoja ya wenzetu inapojikwaa yenyewe, kwa sababu huyo wa kumfundisha kila nesi ujuzi kidogo lazima awe amebobea, na huyo wa kumpigia simu saa nne usiku zahanati ikiwa imekwama naye lazima awe amebobea. Ukimfuta mwalimu huwezi kuendelea kuahidi wanafunzi.

Waliotutangulia wametuachia mafunzo. Australia walifuta njia ya kusomea uuguzi wa akili peke yake wakati mafunzo yakihamia vyuo vikuu miaka ya 1980 na 1990, wakaweka digrii moja ya wote, na mpaka leo wasomi wao wa uuguzi wanalalamika kwamba akili imebanwa kwenye kona ya digrii na vijana wanaotaka kwenda huko ni wachache. Uingereza wameacha fani ya akili ijitegemee toka mwanzo wa chuo, ila baraza lao la uuguzi lilipotoa viwango vipya mwaka 2018 vyenye orodha moja ya stadi kwa fani zote, manesi wa akili walipiga kelele kwamba wanafunzi wao wanahangaika kukamilisha stadi za mwili na muda wa kujifunza kukaa na mgonjwa unapotea. Hapa jirani, Uganda wana chuo cha Butabika kinachopokea vijana moja kwa moja kwa ajili ya uuguzi wa akili. Kenya wana njia ya kuwa nesi kwanza kisha kuongeza masomo ya akili, na mwaka 2020 jopo lao lililoongozwa na Frank Njenga lilitaka ugonjwa wa akili utangazwe janga la taifa.

Njia ya Butabika inaleta idadi haraka, na inaleta kijana aliyechagua akili badala ya aliyesukumwa. Ubaya wake nimeshausema, ile sukari iliyoshuka ambayo nesi asiyejua mwili vizuri haioni. Kwetu mimi ningebaki na njia ya kuwa nesi kwanza kisha kubobea, kama ilivyokuwa kwa waliopita Mirembe kusomea akili baada ya uuguzi wa kawaida, ila kwa sharti kwamba kubobea kuwe na maana kazini.

Maana huu ndio ugonjwa wenyewe. Nesi anajinyima, anaenda kusoma akili, wengine kwa hela yao, anarudi halmashauri na cheti chake, Jumatatu anapangwa leba kwa sababu leba kuna upungufu. Na leba kweli kuna upungufu, metroni aliyempanga hana roho mbaya. Miaka miwili baadaye yule nesi ujuzi umechakaa, mshahara ni uleule, na mdogo wake kazini anayemwangalia anaamua kwenda kusomea kitu kingine. Halafu sisi tunakaa tunasema watu hawapendi akili. Wanaojaribu wanakuta hakuna kiti.

Kwa hiyo wenzetu wafundishe manesi wote, tena waongeze hizo wiki za fildi, nitawaunga mkono. Ila kila hospitali ya wilaya iwe na nafasi za nesi wa akili zilizoandikwa kwa jina kwenye ikama, yaani ile orodha ya nafasi za watumishi, watu wa kutosha kugawana shifti, wasihamishiwe wodi nyingine bila mbadala, na mmoja wao awe na pikipiki na mafuta ya kuzungukia zahanati kila mwezi kuwaona wale waliofundishwa kidogo na wagonjwa wao. Sheria ya Afya ya Akili tunayo tangu 2008, mtaala unaweza kusubiri marekebisho yake. Nafasi kwenye ikama inaweza kuombwa na mganga mkuu wa wilaya kwenye bajeti inayokuja.