Umeme Ulikatika, Maiki Ikaendelea Kusikia

Mpwa wangu ni katika wale vijana wanaoamini kuwa studio ni kompyuta, kiti cha kuzunguka na taa ya buluu. Chumba chake kipo Kikwajuni, Unguja, uani kwa mama yake, paa la bati na sakafu ya saruji, na kuta zote kazitundika kanga akidhani zitanyonya mwangwi. Kanga hainyonyi kitu ila zile sauti nyembamba za juu kabisa. Mwangwi wa chumba unataka kitu kinene na kizito. Kwa hiyo nilipoitwa kusaidia siku ya kumrekodi shangazi, kazi ya kwanza ilikuwa kulitoa godoro la sufi kitandani na kuliegemeza ukutani, nyuma ya mwimbaji. Wengi huliweka nyuma ya maiki, na hapo halina faida kubwa. Maiki ya kuimbia husikia zaidi mbele yake, na mbele yake upo mdomo wa shangazi, kisha ukuta ulio nyuma ya shangazi unaorudisha kila neno.

Wimbo wenyewe ulikuwa wa harusi, rusharoho ya kumsifu biharusi, kautunga shangazi mwenyewe na kila beti lina kijembe kidogo kwa upande wa bwana harusi. Kinanda kilishaingizwa kwa waya, ngoma zimetoka ndani ya kompyuta. Zilibaki sauti tu: shangazi kwanza, halafu waitikiaji wawili, ambao kwa wakati huo walikuwa wamekaa mkekani wakingoja zamu yao, hatua mbili kutoka kwenye maiki.

Maiki ilikuwa ya kondensa, ile inayotaka volti 48 kutoka kwenye saundi kadi, kile kisanduku cha kuingizia sauti kwenye kompyuta. Mimi ningemwekea dainamiki. Kwenye chumba cha bati, mtaa una kunguru na vespa, dainamiki mtu akiisogelea mdomoni inamsikia yeye na kuwaacha wengine. Kondensa haina adabu hiyo, inasikia hadi mtu akimeza mate. Mpwa akakataa katakata. "Ami, dainamiki itamfanya shangazi asikike wa zamani." Haya. Tukaiweka sentimita 15 kutoka mdomoni, mbele yake soksi ya nailoni iliyovutwa kwenye waya wa henga ili "pa" na "ba" zisipulize.

Vipimo alivipanga vizuri, sitamnyima haki yake. Kilohezi 48, biti 24, bafa ya sampuli 128. Bafa ni foleni ya sauti ndani ya kompyuta, na hiyo inachelewesha sauti kwa chini ya milisekunde 3 wakati wa kuingia, na mwimbaji hahisi kitu. Ukiiacha kwenye 1024 inakaribia milisekunde 21 kuingia tu, kutoka bado, naye akijisikia kwenye hedifoni anaanza kujisubiri mwenyewe na wimbo unaburuza. Hiyo kubwa ni ya wakati wa kumiksi, kompyuta ipumue.

Kwenye geini, yaani ukubwa wa sauti inayoingia, ndipo nilipoingilia. Yeye alitaka kupima kwa "moja, mbili, moja, mbili". Mtu akiambiwa ahesabu huhesabu kwa heshima, halafu kwenye kiitikio anafyatuka desibeli 15 juu ya pale na sauti inapasuka, na iliyopasuka haishoneki. Mwimbishe pale penye kelele kuliko pote, kilele kifike kati ya desibeli -12 na -6, maana sifuri ndipo inapopasuka, kisha usiguse tena. Shangazi aliimbishwa kiitikio, kunguru wakaruka bati zima, tukapata -8.

Kulikuwa pia na fitina ndogo ya plagini ya kunyoosha sauti. Mpwa aliiwasha na kasi ameiweka sifuri, mizani ya nusu toni 12. Sasa shangazi kaimba kwa makamu ya Rast, mpangilio wa noti wa Kiarabu, ambayo noti yake ya tatu inakaa katikati, si ile ya huzuni wala ile ya furaha ya kinanda. Plagini haiijui noti hiyo, kwa hiyo kila akiigusa inamsukuma juu au chini, kama inavyoamka. Shangazi akavua hedifoni. "Nani huyu anayeimba?" Ikazimwa. Kwa taarabu, bora uizime tangu mwanzo, au umwambie mwimbaji arudie mstari mmoja ulioteleza.

Feni nayo ilizimwa, maana upepo wake na mvumo wa umeme wa hezi 50 huingia kwenye kondensa moja kwa moja. Kaskazi inachoma, shangazi anajifuta kwa upindo wa kanga, lakini aliimba. Rekodi ya mwisho ilikuwa safi kabisa. Alipomaliza kiitikio cha kufungia, kabla mpwa hajanyoosha mkono, taa ikazima. Tukuza, umeme wa kununua kabla, imekwisha.

Taa ya buluu imekufa, spika zimekufa, kioo cha laptopu kikafifia halafu kikawa cheusi kwa sababu alikiwekea kujizima haraka ili kubana betri. Kila aliyekuwemo, mpwa akiwa wa kwanza, akaona kazi imesimama. Lakini laptopu ina betri. Na ile saundi kadi ya njia mbili haina waya wa ukutani, inakula kutoka kwenye laptopu kwa ile kebo ya USB, na volti 48 za maiki zinatoka humohumo. Kuzima kioo si kusimamisha programu. Kwa hiyo umeme wa nyumba nzima ulikuwa umekwenda, na maiki iko macho, feni haivumi, chumba kimetulia kuliko wakati wowote wa siku ile. Mpwa akatoka na simu kutafuta mtu mwenye salio amnunulie umeme. Mimi nikatoka barazani kufuata upepo. Wanawake watatu wakabaki ndani.

Umeme uliporudi, mpwa akakuta kioo cheusi, akagusa kitufe, programu ikatokea, akabonyeza kusimamisha na kuhifadhi. Hakutazama saa. Wimbo una dakika 4 na sekunde 40, rekodi ina dakika 13. Na kwa kuwa anapenda kukuza picha ya sauti mpaka beti moja linajaza kioo, zile dakika nane za ziada zilikaa kulia kabisa, nje ya macho yake, siku zote alizomiksi.

Kumiksi kwenyewe alikufanya kwa ukarimu. Kompresa, kile kibanio cha sauti kubwa, aliishusha kizingiti, pale inapoanzia kubana, hadi -30 na uwiano 8 kwa 1, maana kasikia kuwa sauti lazima "ikae mbele". Hebu tupige hesabu. Shangazi kwenye rekodi yenyewe kapanda hadi -6, yaani desibeli 24 juu ya kizingiti. Ukigawa kwa 8 zinabaki 3, kwa hiyo anatoka kwenye -27, kabanwa desibeli 21. Mpwa akazirudisha zote 21 ili shangazi asimame palepale kwenye -6. Sasa mnong'ono wa mkekani uliokuwa kwenye -40 haukufika kizingiti, haukubanwa hata chembe, lakini zile 21 za kurudishia nao umepewa. Umepanda hadi -19. Juu ya hapo akaweka limita, inayozuia sauti isivuke dari, akasukuma desibeli 8 na dari kwenye -1. Shangazi kagonga dari kwenye -1, mnong'ono uko -11. Pengo la desibeli 34 limekuwa 10. Kwa sauti ya mwimbaji, uwiano wa 3 kwa 1 na kubana desibeli 3 hadi 6 kwenye vilele kunatosha kabisa, na zile sehemu ambazo haimbi hukatwa kwa mkasi kabla kompresa haijaguswa.

Wakati wa kutoa faili, programu inauliza: sehemu uliyochagua, au mradi mzima? Akabonyeza mradi mzima. Akasikiliza beti la kwanza, akatikisa kichwa kwa raha, akatia kwenye flashi.

Ukumbini, wimbo ulipokelewa. Wanawake na sare zao wakanyanyuka, noti zikaanza kutembea. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na fundi mitambo. Kiitikio cha mwisho kikaisha, kimya kikaingia, fundi akadhani ni mbwembwe za wimbo, akaacha fleda, kile kitelezi cha sauti, ilipo. Kisha spika mbili kubwa zikasema, kwa sauti tulivu na karibu kama mtu aliye begani kwako:

"Ile dhahabu ya mama mtu umeiona? Ya kuazima ile. Jumatatu inarudi kwa mwenyewe."

"Na chakula cha siku ile walichotuletea?"

"Usiniambie! Biriani mbatata tupu, nyama inatafutwa kwa tochi."

Ukumbi ukalipuka. Watu walidhani ni mtindo mpya wa mipasho, unamaliza kuimba halafu unasema kwa maneno makavu. Wawili watatu wakaja kuitunza spika. Mpwa alikuwa anakimbia kutoka mlangoni, lakini kati yake na mitambo kulikuwa na wanawake wanaocheza, na huwezi kumkanyaga mtu sare yake. Alipofika mezani, sauti ya tatu, ya mwitikiaji mmoja mwoga, ilikuwa inasema: "Nyamazeni, mtu asije akatusikia." Na shangazi akamjibu, wazi, bila mwangwi hata kidogo, godoro lile lilifanya kazi yake: "Nani atusikie, umeme si umekatika?"

Fundi akavuta fleda. Mama wa bwana harusi alikuwa keshasimama. Akatembea taratibu hadi kwenye spika ya kulia, akabandika noti ya elfu kumi, akaseti mtandio wake, akarudi kukaa. Shangazi alikuwa amepotelea jikoni.

Baada ya harusi mama yule alikuja Kikwajuni, na daftari lina beti sita za majibu. Akauliza bei. Mpwa, kwa hofu, akamtajia nusu. Akakubali kwa masharti mawili: ule mnong'ono wa shangazi utangulie mwanzoni kabla ya kinanda, ili watu wajue anayejibiwa ni nani, na asithubutu kuzipunguza zile desibeli 21.