Maji ya Ploti Yako Yanaelekea Wapi?

Watu wa nyumbani Nakuru wakisikia Minneapolis, mji wa Marekani ninakoishi, ina maziwa katikati ya mji na watu wanaogelea humo, hudhani huku wanaishi malaika. Wapi! Huku maji ya mvua huingia mtaroni na kwenda ziwani bila kusafishwa, yakibeba mbolea ya nyasi na majani ya miti. Majani yakioza hutoa fosforasi, kirutubisho cha mimea, na kilo moja ya fosforasi inaweza kuotesha hadi kilo 500 za mwani.

Dawa yao ilikuwa kumbana mwenye nyumba. Tangu 2005, sheria ya jimbo letu la Minnesota inakataza mbolea yenye fosforasi kwenye nyasi za uani, isipokuwa nyasi ni changa au udongo umepimwa ukakutwa na upungufu. Jiji nalo hutoza ada ya maji ya mvua kulingana na ukubwa wa paa na saruji yako. Ukitengeneza bustani ya kunywa mvua, unapunguziwa. Jirani yangu, mzee mstaafu, amejiandikisha kutunza mdomo wa mtaro ulio mbele ya nyumba yake. Mpango wenyewe unakuruhusu kuupa jina, naye kaupa la mbwa wake aliyekufa (wazungu!). Majani yakianza kupukutika, utamkuta hapo na reki na ndoo, anakwangua tope mpaka chuma kionekane.

Ziwa Nakuru halina hata mto wa kutokea. Mito ya Njoro, Makalia na Nderit huingia, maji yakapanda kuwa mvuke, uchafu ukabaki. Nao mji umekaa mtelemkoni, Menengai juu, ziwa chini. Mvua ya Aprili ikipiga, chupa, sabuni na oili ya magari vyote vinashuka. Na kuna wenye ploti wanaongoja mvua kubwa ya usiku ili wafungulie tangi la choo mtaroni, wasije wakalipa eksosta, lile lori la kunyonya maji taka. Wapangaji huwajua kwa harufu.

Nikisema haya naambiwa niilaumu kaunti. Nailaumu, bomba la maji taka halijafika mitaa mingi. Lakini nani Nakuru hafagii ua asubuhi? Tunafagia vizuri sana, kisha tunasukuma taka nje ya geti. Maji ya kufulia yachimbiwe shimo lenye mawe, mbali na kisima. Gari lioshewe kwenye nyasi, si barabarani. Paa liwe na gata na tangi. Mtaro uzibuliwe kabla ya mvua. Na pesa za eksosta zitoke kwenye kodi ambayo mwenye ploti tayari anakusanya, asiwarudie wapangaji.

Sisi tulio ughaibuni tusijitoe. Tunajenga Kiamunyi na Lanet kwa simu, tunabishana na fundi wiki nzima juu ya rangi ya tailsi, na hatumwulizi choo kinamwaga wapi. Mpigie kwa video akuonyeshe shimo, kabla hujatuma pesa za mabati.