Simu tumewakataza, halafu shule yenyewe ndiyo inawawekea skrini

Siku hizi kila mtu anaongea kuhusu watoto na simu. Ufaransa ilipiga marufuku simu kwenye shule za msingi na za kati tangu 2018, Uholanzi nayo ikafanya hivyo kwenye madarasa ya sekondari kuanzia Januari 2024, na kila habari kama hiyo ikitoka wazazi wa huku Kenya wanaishea kwenye magrupu wakisema na sisi tuige. Jamani, sisi hilo tulishalifanya kitambo. Mtoto wa bweni akishikwa na simu anaitiwa mzazi, na huyu wa primary haendi nayo shuleni kabisa. Skrini ambazo watoto wetu wanazitazama darasani si zao, ni za shule. Projekta ni ya shule, tableti ni za shule, ile tivi kubwa iliyobandikwa pale palipokuwa na ubao ni ya shule na tumeilipia kwenye fees. Hizo ndizo mimi nataka zipunguzwe, na nataka wazazi tuseme waziwazi badala ya kunung'unika nje ya geti.

Mwanangu yuko gredi ya 4, kwenye academy moja ya binafsi ambayo sitaitaja. Muhula uliopita walifika kwenye mimea, nikamuuliza mmepanda nini, akaniambia, "Hatukupanda Mama, tuliona maharagwe yakimea kwenye projekta." Ni zile vidio zilizoharakishwa, siku kumi zinapita kwa sekunde chache, mzizi unashuka, jani linafunguka, watoto wanasema waaa, imeisha, fungueni vitabu jazeni mapengo. Na nyuma ya darasa hilo hilo kuna kipande cha udongo kisicho na kazi yoyote. Basi tukachukua maharagwe jikoni tukayaweka kwenye pamba yenye maji ndani ya kopo la Blue Band, kama tulivyofanya sisi wote tulipokuwa wadogo, tukaliacha dirishani. Mbegu mbili zikamea vizuri, moja ikaoza. Aliinusa akakunja pua halafu akauliza mbona hii imeoza na zile hazijaoza na maji ni yale yale? Akaanza kuhamisha kopo, akapunguza maji, akaweka nyingine pembeni ili alinganishe. Sasa hilo swali vidio ingelitoa wapi, manake kwenye vidio hakuna mbegu inayooza.

Na huu mtaala wa CBC ulipoanza 2019 tuliambiwa nini? Tuliambiwa mtoto atafanya kwa mikono, atachunguza, ataunda, ile habari ya kukariri tumeizika. Kuangalia mtu mwingine akifanya kwenye vidio si kufanya, hata vidio ikiwa nzuri namna gani.

Siwalaumu walimu peke yao. Wana watoto wengi darasani, wana makaratasi ya tathmini hayaishi, na projekta inawapa dakika za kupumua. Kuna mwalimu nilimuuliza taratibu kuhusu hizi vidio akaniambia, "Mzazi, hata mimi napenda kuandika ubaoni, lakini tumeambiwa wageni wakija waikute tivi inafanya kazi." Hapo nikaelewa kwamba tivi ni tangazo. Mzazi anayetafuta shule anazungushwa, anaonyeshwa skrini, anasema aah hawa wako mbele, analipa. Ikiwa ni hivyo basi sisi wazazi ndio tunaolipia hilo tangazo, na sisi tunaweza kusema hatulitaki.

Kibaya zaidi kwangu ni vile vipindi vya kujaza nafasi. Mwalimu hayupo, wekewa katuni. Mvua inanyesha, wekewa katuni. Ijumaa jioni, muvi. Hakuna anayezihesabu hizo saa kwa sababu hazimo kwenye ratiba, lakini macho ya mtoto yanazihesabu. Halafu anakuja nyumbani, saa moja usiku grupu la WhatsApp linalia, homuweki hiyo, angalieni hii linki ya YouTube halafu mtoto achore. Hii tabia ilitoka kwenye Covid. Shule zilifungwa Machi 2020 na wengi hawakurudi mpaka Januari 2021, na wakati ule kweli hapakuwa na njia nyingine, ilikuwa redio, tivi na simu ya mzazi. Lakini shule zilifunguliwa miaka mingi sasa na homuweki bado inaletwa kwenye simu yangu, kwa bando langu, na mtoto akishaishika simu kwa ajili ya homuweki kuitoa mkononi mwake ni vita. Halafu shule hiyo hiyo inaleta mtu kwenye mkutano kutuhutubia tupunguze skrini nyumbani.

Kuna utafiti wa hapa hapa kwetu ambao nashangaa hautajwi. Kabla ya Tusome, ule mradi wa taifa wa kuwafundisha watoto wa madarasa ya chini kusoma, kulikuwa na mradi wa majaribio unaitwa PRIMR, na kule Kisumu walijaribu kitu kizuri sana: shule nyingine wanafunzi wenyewe wakapewa vifaa vya kusomea vya kielektroniki, nyingine tableti wakapewa walimu, nyingine wakapewa wale maafisa wanaowatembelea walimu darasani kuwasaidia. Watoto wa makundi yote matatu walisoma vizuri kuliko wale ambao mradi haukuwafikia kabisa, lakini makundi yenyewe hayakuachana sana, na hata shule zilizopata vitabu na mafunzo ya walimu bila vifaa hazikuwa nyuma yao kwa maana yoyote. Kumpa kila mtoto kifaa ndiyo ilikuwa njia ya gharama kubwa. Tusome ilipoanza 2015 haikufuata njia hiyo ya kifaa kwa kila mtoto, bali kila mtoto wa madarasa ya chini akapata kitabu chake mkononi, tableti zikaenda kwa wale maafisa. Yaani jibu tulikuwa nalo Kisumu miaka yote hii, na bado tunauziwa tableti za gredi ya 1.

Sweden waliokuwa mbele kabisa kwa mambo ya kidijitali wamerudi nyuma. Alama za kusoma za watoto wa gredi ya 4 kwenye mtihani wa kimataifa wa PIRLS zilishuka kutoka 555 mwaka 2016 mpaka 544 mwaka 2021, Covid nayo ilikuwepo sikatai, lakini 2023 serikali yao iliachana na mpango wa kulazimisha vifaa vya kidijitali kwenye chekechea, ikatenga krona milioni 685 za mwaka huo kwa vitabu vya kiada. Hawa ni watu wenye umeme, intaneti na hela za kununua tableti nyingine kesho asubuhi, na wameamua mtoto mdogo ashike kitabu.

Kuhusu macho, mfano ninaoupenda ni wa Taiwan. Kule watoto wasioona mbali walikuwa wanaongezeka kila mwaka, na tangu 2010 shule zikahimizwa ziwatoe watoto nje dakika 120 kwa siku, chini ya mwanga wa jua. Baada ya miaka michache idadi ikaanza kushuka. Jua! Sisi tunalo la bure mpaka tunalikimbia, halafu tunafunga mapazia mchana kweupe ili projekta ionekane vizuri.

Sasa najua kuna mtu atasema wewe unaongea mambo ya academy za mjini, kuna watoto hawajawahi kugusa kompyuta. Ni kweli kabisa na hilo linaniuma. Mwaka 2013 tuliahidiwa laptop kwa kila mtoto wa darasa la kwanza, ikageuka kuwa tableti, zikaanza kufika 2016, zaidi ya milioni moja zikapelekwa shule za serikali, na kuna shule nyingi ambapo zimefungiwa kwenye kabati la chuma, chaji iliisha, walimu waliofunzwa wamehamishwa. Mtoto wa shule hiyo anahitaji kompyuta na sitamwambia apunguze kitu ambacho hana. Lakini anachohitaji ni somo la kompyuta lenyewe, ajue kuchapa, kuhifadhi kazi yake, kutafuta kitu na kujua kama ni cha kweli, na hilo ni kipindi kwenye ratiba chenye mwalimu wake. Haifanani na kukaa mbele ya tivi hisabati mpaka Kiswahili. Tena Kiswahili! Watoto wanawekewa vidio ya ngano isimuliwe na sauti ya mashine wakati mwalimu amesimama pale, ana mdomo wake na sauti yake, na angeweza kuanza na paukwa wakamjibu pakawa.

Ninachokitaka hakina gharama. Chekechea mpaka gredi ya 3 projekta itumike kwa vitu ambavyo mtoto hawezi kuviona hapa tu, theluji, nyangumi, moyo ukipiga ndani ya kifua, dakika kumi halafu izimwe. Gredi ya 4 kwenda juu, kipindi cha kompyuta kiwe kipindi, na saa zote za skrini ziandikwe kwenye ratiba tuzione, pamoja na zile za Ijumaa. Mwalimu akikosekana watoto wapewe vitabu vya hadithi au watoke nje wacheze mchezo wa kati. Homuweki iandikwe kwenye daftari kabla ya kengele ya kwenda nyumbani, na grupu la WhatsApp libaki la matangazo.

Mkutano wa wazazi unakuja na nimesikia shule yetu inataka kutuchangisha tena, tivi za madarasa mawili yaliyobaki. Nimeshaongea na wazazi wenzangu kadhaa, tutaomba hela hiyo inunue vitabu vya hadithi, vya Kiswahili na vya Kiingereza, na kabati lisilo na kufuli la kuviweka mle mle darasani. Wakikataa tutaomba watuonyeshe kwanza daftari za watoto za muhula mzima, tuone wameandika kurasa ngapi kwa mkono wao.